Gari halijipaki lenyewe

Haya ni mazungumzo ya lugha yanayosomwa redioni kila wiki. Tunayachapa kama yalivyosomwa, kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuyasikia.



Msikilizaji wetu mmoja, kijana anayefanya kazi ya utingo katika lori la mizigo na ambaye kwao ni Kilosa, ameniletea swali. Anasema hivi: "Mwalimu, shikamoo. Lori letu hupita Mikumi mara mbili tatu kwa mwezi. Tukishavuka Doma tunakuta bango la Kiingereza linalotuambia kuwa tunaingia 'National Park'. Lakini humo ndani ndimo tunamokatazwa kabisa kupaki. Je, hiyo 'park' ya kwenye bango na hii ya kupaki gari ni neno moja au ni maneno mawili? Na kama ni moja, mbona panapoitwa 'park' ndipo pasiporuhusiwa kupaki?"

Marahaba, kijana wangu. Najua wapo watakaolicheka swali hili. Mimi sikulicheka. Jibu fupi ni kwamba neno ni moja. Jibu refu ndilo mazungumzo yetu ya leo, na nawaomba mnivumilie, kwa sababu tutaanzia kwenye kamusi lakini tutaishia barabarani.

Tuanze na asili. Neno hili limetoka Ulaya. Nasema Ulaya ya ng'ambo, si ile Ulaya tunayoipita njiani tukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, waliokuwa wakisema "parc", katika karne ya 13. Wafaransa nao hawakulibuni, kwani lilikuwa limekwisha ingia katika Kilatini cha zama zile, na wataalamu wengi huona kuwa lilitoka katika lugha za jamii ya Kijerumani. Maana yake ya mwanzo haikuwa bustani, wala haikuhusu gari. Ilikuwa ni ardhi iliyozungushiwa ua. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa neno hili, na ndugu huyo yu hai mpaka leo katika neno "paddock", yaani kiwanja chenye ua cha kuwekea farasi.

Katika Uingereza ya wakati huo "park" lilikuwa neno la sheria. Mtu mkubwa aliyetaka kuwa nayo ilimpasa apate kwanza idhini ya mfalme, kisha azungushe ua, na ndani yake aweke wanyama wa kuwinda. Ardhi ya mawindo isiyokuwa na ua haikuitwa "park". Kama ilikuwa ya mfalme iliitwa "forest", neno ambalo leo sisi tunalifasiri kuwa msitu. Hata Hyde Park ya London, ambayo leo watu hukaa kwenye majani na kula aiskrimu, Mfalme Henry wa Nane aliitwaa mwaka 1536 iwe mahali pake pa kuwinda. Wananchi wa kawaida hawakufunguliwa lango mpaka karne iliyofuata.

Jina hilo likazaa kitenzi. Kwanza, "to park" ilikuwa ni kufungia ndani ya ua. Shakespeare amelitumia hivyo katika sehemu ya kwanza ya tamthilia yake ya Henry wa Sita, ambamo jemadari wa Kiingereza aliyezingirwa na Wafaransa anajifananisha yeye na askari wake na wanyama wa mawindo waliofungiwa. Kwa hiyo siku hizo mtu akisema wame-"park"-iwa, ujue wamenasa.

Baadaye wakaja watu wa jeshi. Jeshi linapopiga kambi haliwezi kutawanya mizinga na mikokoteni ya baruti ovyo ovyo. Hupangwa mahali pamoja, pakatengwa na kulindwa. Wafaransa wakapaita mahali hapo "parc" ya mizinga, na Waingereza wakaiga. Ilipofika mwanzo wa karne ya 19, askari wa Kiingereza alisema "to park" kwa maana ya kuipanga mizinga na magari ya farasi katika uwanja huo. Magari ya farasi ya raia yakafuata, na motokaa zilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20 nazo zikalirithi neno. Mwaka 1935 huko Oklahoma City, Marekani, ikawekwa mita ya kwanza ya kulipia mahali pa kuegesha gari. Ua wa miti ulikuwa umekwisha toweka zamani, lakini ile mita na ile mistari myeupe inayochorwa chini nayo ni ua. Inasema: hapa ni pa gari, na pale si pa gari.

Tawi la pili la neno hili lilibaki na wanyama. Wamarekani walipotenga Yellowstone mwaka 1872 waliiita "national park", na mtindo huo ukaenea duniani. Kwetu Serengeti ilipewa hadhi hiyo mwaka 1951, na Mikumi mwaka 1964. Kwa hiyo, kijana wangu, tembo wa kwenye bango na lori lenu wametoka zizi moja. Njiani wakaachana, na sasa wamekutana tena pale Mikumi.

Msione ajabu. Kiswahili nacho kimewahi kufanya safari kama hiyo, na ushahidi uko huko huko Kilosa. Chukueni neno boma. Kwa wafugaji wa Kimaasai na Kiparakuyo walioko wilayani humo, boma ni ua wa miiba ambao ng'ombe hulala ndani yake. Watu walipojenga ngome za kujikinga na adui, nazo zikaitwa boma. Wajerumani walipokuja na kujenga ngome zao za utawala, wananchi wakaziita boma vile vile, na Kilosa ilikuwa na boma lake kabla reli ya kati haijafika hapo mwaka 1909. Leo mzee wa Kilosa akiaga kwamba anakwenda bomani, hakuna anayedhani kuwa anatafuta ng'ombe. Anakwenda kwa mkuu wa wilaya. Miiba imekwisha, jina limebaki.

Sasa tazameni tulivyofasiri lile neno la kwenye bango. Hatukusema boma la wanyama la taifa, ingawa kwa asili ya neno tungekuwa tumepatia kabisa. Tulisema hifadhi ya taifa. Hifadhi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kulinda na kutunza kitu kisipotee. Ndiyo maana mwanafunzi wa madrasa huambiwa amehifadhi Kurani. Watu wengine husema mbuga ya wanyama, na mbuga ni uwanda wa nyasi, kama ule uwanda wa Mkata unaouona kutoka dirishani mwa basi.

Maneno hayo mawili hayana ua ndani yake, na Mikumi kweli haina ua. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inaipasua kwa kilometa 50 hivi. Nyati akitaka kwenda upande wa pili anavuka. Twiga naye anavuka, tena kwa maringo yake, wala haangalii kushoto na kulia. Kwa sheria ile ya zamani ya Waingereza, Mikumi isingestahili hata kidogo kuitwa "park", kwa sababu hakuna kilichowazuia wanyama wasitoke wala watu wasiingie. Kinachowalinda pale barabarani ni mguu wa dereva juu ya breki. Neno hifadhi, ukilitazama vizuri, linamdai mtu. Hakuna hifadhi bila mhifadhi.

Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia. Kwanza tuje kwenye kupaki.

Wengine huniuliza kwa nini tunasema paki na si pariki, ikiwa neno lenyewe lina "r". Sababu ni kuwa tulilipokea kwa sikio, hatukulipokea kwa macho. Waingereza wa kusini mwa nchi yao hawaitamki ile "r" ya katikati. Sisi tukasikia "paak", tukaongeza irabu mwishoni kwa kuwa ulimi wa Mswahili hupenda kutua kwenye irabu, na paki likapatikana.

Hapa niwatahadharishe. Nimewahi kusikia mtu akidai kuwa kupaki ni ndugu wa mpaka na kupakana, eti kwa sababu "park" ni ua, na ua ndio mpaka. Hoja hiyo ni tamu masikioni lakini haina ukweli. Kupakana na mpaka ni maneno yetu ya Kibantu, na yalikuwepo kabla hatujaonana na Mwingereza. Maneno kufanana sauti si sawa na kuwa na ukoo mmoja, kama ambavyo mtu kufanana sura na jirani yako hakumpi haki ya kurithi shamba lako.

Hata hivyo kupaki kumeingia katika mtaa wenye majirani wasumbufu. Jirani wa kwanza ni kupakia, ambalo nalo ni letu la asili. Majahazi yalipakiwa na kupakuliwa karne nyingi kabla ya motokaa. Jirani wa pili ni paki nyingine ya Kiingereza, ile ya kupanga nguo kwenye begi. Matokeo yake ni vurugu. Mtu akikwambia, "Jirani yangu amenipakia gari mlangoni," utaelewaje? Amemsaidia kujaza mizigo ndani ya gari, au ameliacha gari lake mbele ya mlango wa mwenzake? Katika maana ya kwanza utampongeza jirani huyo, na katika ya pili utakwenda kumgombeza. Kumbe Kiswahili kina neno safi lisilo na mashaka hayo, nalo ni kuegesha. Hili ni neno la watu wa vyombo: nahodha huegesha chombo kwa kukisogeza gatini au ufukoni, mahali panapofaa chombo kutulia. Haegeshi chombo katikati ya mlango wa bandari. Ukisema jirani amekuegeshea gari mlangoni, kosa linaonekana mara moja.

Wapenzi wa mpira watasema mbona kupaki kumetufaa sana uwanjani. Ni kweli. Mwaka 2004 kocha José Mourinho wa Chelsea, baada ya sare ya bila kufungana na Tottenham, aliwalaumu wapinzani wake kwamba walileta basi lao wakaliacha mbele ya goli. Usemi huo ukavuka bahari. Leo si ajabu kumsikia mtangazaji wa mechi ya Simba au Yanga akisema kuwa timu fulani imepaki basi. Na hapo wapenzi wa mpira wamelielewa jambo kuliko sisi wengine: basi lililowekwa mahali pasipo pake ni kizuizi. Tena angalieni muundo wa sentensi yao. Timu ndiyo iliyopaki basi. Basi halikujipaki lenyewe.

Sasa nimefika nilipotaka tufike.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika basi lililotoka Iringa. Tulikuwa tumeharibikiwa njiani, na giza likatukuta tukiwa ndani ya hifadhi ya Mikumi. Dereva wetu alikuwa mtu mzima, mwendo wake wa adabu. Ghafla alikanyaga breki kwa nguvu, abiria wakaangukia viti vya mbele, mtoto akapiga kelele. Mbele yetu, upande wetu wa barabara, palikuwa na tela refu la lori. Halikuwa na taa, halikuwa na kiakisi, wala hapakuwa na hata yale matawi ya miti ambayo madereva wetu huyatandaza barabarani kuonya wenzao. Tulisimama tukiwa tumebakiza kama urefu wa mkeka. Na chini ya lile tela alikuwa amelala kijana.

Dereva wetu alishuka anatetemeka. "Kwa nini mmeacha gari hapa?" Yule kijana akajifikicha macho, akajibu kwa upole kabisa: "Gari limepaki, mzee." Dereva wake alikuwa amekwenda mjini Mikumi kutafuta fundi.

Gari limepaki. Ni maneno mawili tu, na hakuna mtu ndani yake. Mwingereza huwa na namna ya kusema kuwa gari limeegeshwa, na ukimwuliza limeegeshwa na nani, sarufi yake inakupa nafasi ya jibu. Sisi tumelichukua neno lile, tukamtoa mtendaji, tukaliachia gari kazi yote. Hakuna Mswahili anayesema gari limeegesha. Tunasema dereva ameliegesha gari, au gari limeegeshwa. Lakini gari limepaki tunasema kila siku, kana kwamba gari lilichoka, likatafuta mahali, likajipumzisha.

Mtaniambia kuwa hayo ni madogo. Si madogo. Someni habari za ajali. Mara ngapi mmekuta sentensi kwamba basi liligonga lori lililokuwa limepaki kando ya barabara? Ukiisoma utadhani lori lilikuwa limetulia mahali pake, likafuatwa. Hatuambiwi kama liliharibika saa ngapi, nani aliliacha, aliweka alama au hakuweka. Neno limepaki limefunga jalada kabla mpelelezi hajafika. Na asili ya neno lenyewe, kama tulivyoona, ni mahali palipotengwa na kulindwa. Lori lililo katikati ya lami usiku bila taa halijapaki kwa lugha yoyote ile.

Basi tutenganishe mambo. Gari likitua kidogo na dereva yumo ndani, limesimama. Likishindwa kwenda, limeharibika. Dereva akiondoka akalitelekeza njiani, limeachwa. Na akilipeleka mahali panaporuhusiwa, akalizima na kulifunga, ameliegesha. Hayo ni mambo manne yenye wajibu wa namna nne, na sisi tunayatia yote katika gunia moja la kupaki.

Watu wa reli ya Kilosa wangetufundisha. Pale stesheni ndipo tawi lililojengwa kwenda Kidatu kupitia Mikumi linapoachana na reli ya kati. Behewa haliachwi kwenye njia kuu kwa kuwa tu mtu amechoka nalo. Husukumwa kwenye njia ya pembeni, na stesheni masta hujua lipo wapi na nani kaliweka. Hasemi behewa limepaki.

Nayasema haya wakati huu kwa sababu. Mabasi ya abiria, ambayo kwa miaka mingi yalizuiwa kusafiri usiku, yaliruhusiwa tena mwaka 2023. Zile kilometa 50 za Mikumi sasa zina abiria usiku kucha, pamoja na malori na wanyama. Kuna vibao vya kupunguza mwendo, kuna matuta, na kuna bango lenye orodha ya faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Vyote hivyo vinazungumza na anayekwenda. Anayesimama naye ana lake la kujibu. Hata yule anayesimama dakika mbili kuwarushia nyani ndizi, ukimwuliza atakwambia, "Sijapaki, nimesimama tu." Anayetoka kwenye kona nyuma yake hana muda wa kupambanua vitenzi.

Ugonjwa huu umeingia hata maofisini. Siku hizi mkutanoni utasikia, "Hili tulipaki kwanza." Muulize msemaji: nani atalirudia, na lini? Kitu kilichoegeshwa kina mwenyewe, naye ana ufunguo mfukoni. Kisicho na mwenyewe kimetupwa.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Kilosa, jibu lako ni hili. Neno ni moja, na halijawahi kumaanisha popote upendapo. Tangu lilipozaliwa lina maana ya mahali palipotengwa kwa ajili ya kitu fulani. Uwanda wa Mkata umetengewa wanyama, na sisi pale ni wapita njia. Lori lenu lina mahali pake huko mbele, mjini Mikumi, ambako malori hulala na watu wake wakapata chakula cha moto. Likiwaharibikia kabla ya kufika, washeni taa za tahadhari, wekeni viakisi vya pembetatu mbele na nyuma, na mmoja wenu akae macho mahali pa usalama. Usilale chini ya tela. Na mtu akija kukuuliza kuna nini, usimwambie gari limepaki. Mwambie: gari letu limeharibika, tumeliacha hapa kwa kukosa njia, na mimi ndiye ninayelilinda.

Hadi wiki ijayo, nawatakia safari njema. Kwaherini.